UZI: Chinatown (1974), mpelelezi mwenye jeraha, maji ya mji na hati za ardhi. Watu wa Lamu tuiangalie vizuri

Mwanzisha uzi

Assalaam alaykum wanajamvi. Wa Mkomani, wa Langoni, wa Shela, wa visiwani Faza na Kizingitini, na jirani zetu wa Malindi, karibuni barazani.

Kila mtu akiuliza humu filamu nzuri ya upelelezi hutajiwa zile za bastola na magari kufukuzana. Leo naleta ya zamani. Inaitwa Chinatown, ilitoka 1974, na urefu wake ni saa mbili na dakika kama kumi. Mwongozaji ni Roman Polanski, aliyeandika hadithi ni Robert Towne, na mpelelezi ni Jack Nicholson. Iliteuliwa kwa tuzo 11 za Oscar ikapata moja tu, ya uandishi. Hiyo moja ilikwenda pahali pake hasa.

Wengi huitaja kama filamu ya mauaji. Mimi naona ni filamu ya wizi wa maji na ardhi, na mauaji yamekuja kuufunika wizi. Kazi yangu ni kufuatilia makaratasi ya mashamba ya watu, kwa hiyo nilipoiona nilikaa wima. Nitaieleza mpaka mwisho wake, basi ambaye hajaiona na anataka kuiona kwanza aishie kwenye nyota tatu, akaitazame, kisha arudi tuzungumze.

Tuko Los Angeles mwaka 1937, jua kali, mvua imegoma. Jake Gittes aliwahi kuwa askari, sasa ana ofisi yake, suti zilizopigwa pasi zikasimama, na riziki yake kubwa ni kuwafuatilia waume na wake wanaotoka nje ya ndoa. Mtu akimgusia kwamba hiyo si kazi ya heshima anawaka; kuna pahali kidogo apigane na mteja mwenzake kwa kinyozi. Anakuja mwanamke anayejiita Bi Mulwray, anataka mumewe achunguzwe. Mume ndiye mhandisi mkuu wa maji wa jiji zima. Gittes anampiga picha akiwa na msichana, picha zinatoka gazetini, na hapo anaingia Bi Mulwray wa kweli, Evelyn (Faye Dunaway), na wakili wake. Yule wa kwanza alikodiwa. Siku si nyingi mhandisi anaopolewa bwawani, amekufa maji.

Mtu mwingine angesema kazi imekwisha. Gittes hawezi, kwa sababu amechezewa, na huyu bwana dharau haimpiti. Ameshayavulia nguo maji.

Napenda jinsi anavyofanya kazi. Anataka kujua mhandisi ameondoka ufukweni saa ngapi usiku, na yeye hana nia ya kukesha. Anachukua saa ya mfukoni ya bei rahisi, anaiweka chini ya tairi la gari la yule mtu, anakwenda zake kulala. Gari likiondoka linaivunja saa, mishale inasimama pale pale. Siku nyingine anataka kufuata gari usiku bila kulipoteza, anavunja kioo cha taa moja ya nyuma ili atambue gari lake kati ya mengine yote. Ujanja wa mtu maskini, na unafanya kazi.

Anagundua kwamba katikati ya ukame, maji ya jiji yanamwagwa baharini usiku. Mtoto mmoja anayepanda farasi kwenye mto mkavu ndiye aliyemweleza mhandisi, na baadaye anamweleza Gittes: maji huja usiku, kila usiku pahali pengine. Mhandisi aliyasikiliza maneno ya mtoto, akaandika, na kusikiliza kule ndiko kulikompeleka kaburini. Gittes akienda kuchungulia mwenyewe, mtu mfupi aliyevaa tai anamtia kisu puani na kuipasua pua. Huyo mfupi ni Polanski mwenyewe, mwongozaji. Tangu hapo nyota wa filamu anatembea na bandeji kubwa usoni kwa sehemu ndefu ya hadithi. Sijui mwigizaji mwingine wa hadhi yake ambaye angekubali uso wake ufunikwe hivyo.

Sasa tukio ninalolipenda kuliko yote, na halina hata kofi moja.

Gittes anaingia kwenye ofisi ya kumbukumbu za ardhi. Karani ni kijana mwenye dharau, anamjibu kama anayefukuza nzi. Gittes anafungua daftari kubwa la mashamba ya bonde la kaskazini, na anaona majina mapya yamebandikwa juu ya ya zamani, ukurasa baada ya ukurasa. Bonde karibu lote limeuzwa miezi ya hivi karibuni. Hawezi kuazima daftari. Anaomba rula. Anaiweka kwenye ukurasa, anakohoa kwa nguvu, na kikohozi kinafunika sauti ya karatasi inayochanika. Anatoka na ukurasa mfukoni.

Majina yale anayapeleka kwenye nyumba ya kulelea wazee, kwa sababu ameona tanzia inayotaja nyumba hiyo na jina mojawapo limo kwenye ukurasa wake. Tarehe hazikubaliani: mzee amenunua shamba akiwa tayari ameshakufa. Wengine wako hai, wamekaa wanashona na kucheza karata, hawajui kwamba ni matajiri wa mashamba. Majina yao yameazimwa. Wakulima wa bonde wamenyimwa maji mpaka wakauza kwa bei ya kutupa, wanunuzi wamejificha nyuma ya wazee, na bwawa jipya likijengwa kwa pesa za wapiga kura maji yataelekezwa bonde lile lile. Ardhi ya kutupa itakuwa dhahabu.

Kila mwenye kuwahi kufanya sachi ya shamba Pwani, yaani kuangalia kwenye daftari la serikali shamba ni la nani, anaijua baridi inayokuingia unapokuta jina usilolitarajia kwenye karatasi. Unatoka nje, unampigia mzee aliyekutuma, na hujui uanze na neno gani.

\* \* \*

Mwanzisha uzi (inaendelea)

Kwa nini nasema ni yetu? Nianze na maji. Mji wa Lamu unakunywa maji ya visima vilivyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua inapiga mchanga, inachujika polepole, halafu yale maji matamu yanakaa juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi kuliko ya chumvi. Ukivuta kupita kiasi chumvi inapanda. Ukijenga juu ya vilima ukachimba mashimo ya vyoo, uchafu unakwenda huko huko. Mwenye kukishika kilima kile amezishika koo zetu, na ndiyo maana wazee wa Shela na wa mjini hawakubali kuona uzio ukisimama pale, hata ukiwa mdogo.

Kisha ardhi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa Pwani walete madai yao kwa mkoloni. Kisichodaiwa kikahesabiwa ni mali ya serikali. Wako waliodai na wako ambao habari haikuwafikia. Wajukuu wao leo wanalima mashamba ya mababu bila karatasi. Mwishoni mwa Julai 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza zifutwe hati za kampuni 22 zilizogawiwa ekari kama 500,000 katika kaunti hii yetu. Haki ya nani iko wapi ni kazi ya mahakama, sitaihukumu humu. Ninachosema ni kwamba ekari laki tano zilihamishwa kwa karatasi, kimya, wakati sote tunasubiri bandari mpya ya Lamu. Mtu aliyepitia miaka ile hahitaji kufundishwa kwa nini Gittes anachana ule ukurasa.

Na Towne hakuitoa hadithi hewani. Los Angeles ilichukua kweli maji ya bonde la Owens, mbali huko chini ya milima. Watu wa jiji walinunua mashamba yenye haki ya maji, na wakulima wengi walidhani wanauza kwa ajili ya mradi wa umwagiliaji wa serikali kuu. Mfereji wa kilomita 375 hivi ukafunguliwa 1913 chini ya mhandisi William Mulholland, na maji mengi yakaanza kwa kunywesha bonde la San Fernando, ambako matajiri walikuwa wameshanunua ardhi kwa bei nafuu. Miaka ya 1920 wakulima wa Owens waliulipua mfereji kwa baruti zaidi ya mara moja. Mwaka 1928 bwawa la Mulholland, St. Francis, lilipasuka usiku na kuua mamia ya watu. Ndiyo sababu ndani ya filamu mhandisi Mulwray anakataa katakata kujenga bwawa jipya: aliwahi kujenga moja likaua. Towne amehamisha miaka na kubadili majina, mifupa ni ile ile.

Mchangiaji kutoka Faza

Shukran kaka kwa uzi. Mimi niliitazama jana usiku kwa ajili yako. Sisi wa visiwani tumekulia kwenye majabia, matangi ya kukingia mvua, maji tunayapima kwa kata, kwa hiyo yale ya kumwaga usiku yaliniumiza roho kuliko hata kisu cha pua. Suali langu: yule mtunza bustani analalamika kwamba maji ya kidimbwi yanaua nyasi, na Gittes yuko pale pale. Mbona hakushtuka?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Faza, hapo umelenga penyewe. Mtu wa visiwani anamwahi yule mpelelezi karibu saa nzima.

Tulitazame lile tukio taratibu. Gittes yuko nyumbani kwa Mulwray anasubiri kuonana na Evelyn. Bustanini kuna kidimbwi kizuri. Mtunza bustani anatikisa kichwa juu ya nyasi zilizokauka pembeni, anasema maji haya mabaya kwa nyasi, kwa Kiingereza chenye lafudhi ya Kijapani. Gittes anamwigiza lafudhi, anatabasamu, anapita. Kitu kinang'aa ndani ya maji, anainama akichukue, halafu Evelyn anatokea na habari zinakatika. Mambo mawili yalikuwa mkononi mwake, nyasi zinazokufa na kitu kinachong'aa, akayaacha yote mawili kwa sababu aliyesema ni mtu wa jembe.

Baadaye polisi wanaeleza kwamba mapafu ya mhandisi yalikuwa na maji ya chumvi, na yeye aliopolewa kwenye maji matamu. Gittes anarudi kwenye kidimbwi, na safari hii anamsikiliza mtunza bustani kwa adabu. Kile kitu ni miwani yenye lenzi mbili kwa kila jicho, ya kuonea mbali na ya kusomea. Mhandisi hakuwa na miwani ya aina hiyo. Mwenye nayo ni Noah Cross, babake Evelyn, mzee tajiri anayeigizwa na John Huston kwa upole unaotisha. Cross na mhandisi waliwahi kuyamiliki maji ya jiji pamoja. Mhandisi akaona maji ni ya umma, Cross hakukubali kamwe.

Ndiyo maana nasema dharau ya Gittes ni sehemu ya jeraha lake. Mtoto wa farasi, mtunza bustani, wazee wanaoshona: kila aliyempa ufunguo ni mtu ambaye mji haumhesabu.

Mchangiaji kutoka Malindi

Kaka, hujambo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Malindi na filamu hii naijua vizuri. Umeeleza maji na ardhi ukanifurahisha, lakini umeruka yaliyo mazito zaidi. Evelyn alinajisiwa na babake akiwa na miaka 15. Yule msichana wa kwenye picha ni mwanawe na ni nduguye. Na tunalijuaje hilo? Kwa sababu Gittes anampiga makofi mfululizo mpaka anasema. Huyo ndiye shujaa? Halafu mwongozaji mwenyewe, mwaka 1977, alikiri mahakamani Marekani kosa la kufanya ngono na mtoto wa miaka 13, akakimbia nchi 1978 kabla ya hukumu. Mimi siwezi kuitazama nikalisahau hilo.

Mwanzisha uzi

Wa alaykum salaam mwalimu wangu. Wala usilisahau, na mimi sitaki yeyote alisahau. Filamu inayomlilia binti aliyeharibiwa na mtu mzima mwenye nguvu imeongozwa na mtu ambaye miaka mitatu baadaye alifanya aliyoyafanya. Sina neno la kuliosha. Anayesema kwa sababu hiyo haitazami, namheshimu.

Kuhusu makofi, naliona hivi. Lile tukio limetengenezwa ili tumchukie Gittes kidogo, na mimi namchukia kila nikiliona. Anadhani ameshika muuaji. Ana miwani mkononi, ana haraka ya kuwa mwerevu mbele ya polisi walioko njiani kuja. Mama wa watu anajibu ukweli tangu kofi la kwanza, na yeye haelewi anachoambiwa kwa sababu maneno hayaingii kwenye hadithi aliyokwisha kuitunga kichwani. Anapoelewa, uso wake unabadilika kabisa, na pale Nicholson anaigiza kwa kunyamaza. Dunaway, kwa upande wake, anastahili sifa kuliko anazopewa: tangu mwanzo kila anapotajiwa babake ulimi unamgota, anawasha sigara na nyingine inawaka. Ukiirudia filamu utaona alikuwa anasema muda wote.

Mchangiaji kijana wa Langoni

Bro mimi nimeimaliza sasa hivi na nimechukia. Yaani Cross anashinda? Evelyn anapigwa risasi, mzee anaondoka na msichana, na mpelelezi anasimama tu? Filamu gani hii. Kwa nini waliimaliza hivi?

Mwanzisha uzi

Mdogo wangu, hasira yako iko sawa, na mwandishi mwenyewe alikuwa upande wako. Towne alitaka Evelyn amuue babake na binti aokoke. Polanski akakataa, wakagombana, mwisho ukawa huu wa giza. Mkumbuke kwamba mkewe Polanski, Sharon Tate, aliuawa Los Angeles mwaka 1969 akiwa mjamzito. Alikuwa anarudi kufanya kazi kwenye mji huo huo.

Mimi nasimama na mwisho uliopo, na sababu yangu ni Gittes. Zamani akiwa askari kule mtaa wa Chinatown alijaribu kumlinda mwanamke asidhurike, na kujaribu kwake ndiko kulikomletea madhara. Anamwambia Evelyn habari hiyo kwa ufupi sana, halafu anafunga mdomo. Hatuambiwi zaidi. Jeraha hilo ndilo linalomsukuma: safari hii atajua kila kitu kabla, hatadanganywa, ataokoa.

Sasa angalia anachofanya usiku wa mwisho. Evelyn na binti wamejificha Chinatown wakingoja kutoroka. Ushahidi pekee ni ile miwani. Gittes anamwita Cross waonane ana kwa ana, anamwonyesha miwani, anamweleza yote aliyoyagundua, maji, mashamba, mauaji. Anataka kumsikia mzee akikiri. Cross hana wasiwasi hata kidogo. Mtu wake anatoa bastola, miwani inachukuliwa, na Gittes analazimishwa kuwaongoza mpaka mlangoni kwa Evelyn. Askari wanamfunga pingu. Evelyn anampiga babake risasi ya mkono, anaondoka na gari, polisi wanafyatua, na honi ya gari inaanza kulia bila kukoma. Risasi imempitia jichoni.

Gittes alijua kila kitu, na adui alifika kwa kumfuata yeye. Mimi katika kazi yangu nimeona watu wazuri wakifanya hivyo hivyo: umepata karatasi, umeshajua shamba limekwenda kwa nani, na kitu cha kwanza unachotaka ni kwenda kumwonyesha yule bwana kwamba umemjua. Kopi haijatengenezwa. Wakili hajaambiwa. Wenzako kijijini hawajaambiwa. Watu wa hapa waliokwenda mahakamani kuhusu bandari walikwenda wengi, pamoja, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamuru wavuvi kama 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Gittes alikwenda peke yake na miwani mfukoni.

Kuna jambo la ufundi linaloutia nguvu mwisho huo. Kamera haimwachi Gittes. Hatuoni kitu ambacho yeye hakioni, na anapopigwa akazimia kule kwenye mashamba ya machungwa, skrini nayo inakuwa nyeusi hadi aamke. Kwa hiyo akikosea tunakosea naye, hatuna pa kusimama tukamcheka. Muziki nao, tarumbeta moja ya huzuni, Jerry Goldsmith aliutunga kwa siku kumi baada ya ule wa kwanza kutupwa.

Mchangiaji kijana wa Langoni

Nimekupata. Nitairudia lile tukio la miwani. Kuna sehemu ya pili?

Mwanzisha uzi

Iko. The Two Jakes, ya 1990, Nicholson ameiongoza mwenyewe na Towne ameiandika. Vita vikuu vimekwisha, Gittes amenenepa na ana pesa, na safari hii kinachogombewa chini ya ardhi ni mafuta. Imelegea, hadithi inajifunga mafundo bila sababu, na aliyeiona ya kwanza ataona pengo la Evelyn. Lakini yule binti, Katherine, jina lake linarudi, na kwa ajili yake tu inafaa kuitazama. Anza nayo baada ya kuirudia ya kwanza, ukiwa bado unamkumbuka.

Mwalimu wa Malindi, ukipata nafasi tuandikie kuhusu Dunaway, nataka kulisoma kutoka kwako.